Caprice ya zamani kutoka Texas: angalieni nyaya za moto kabla ya rangi

Naishi Houston na kazi yangu ni umeme wa magari, kwa hivyo simu za jamaa wa Masqat, Al Ain na Doha hazinipiti. Swali mara nyingi ni lile lile: nimeona Caprice ya zamani inauzwa Dallas, picha nzuri, bei si mbaya, ninunue? Mimi huuliza kwanza hali ya nyaya. Rangi hupakwa upya na viti hushonwa, lakini nyaya zilizooza ndizo zinazolaza gari njiani, na ndizo zinazoiunguza.

Kwamba Caprice inatafutwa Texas si ajabu. Kiwanda cha General Motors kilichopo Arlington, katikati ya Dallas na Fort Worth, kilifunguliwa mwaka 1954, na hapo ndipo Caprice za mwisho za kuundwa Marekani zilipotengenezwa hadi mwaka 1996. Baada ya hapo kiwanda kikageukia magari makubwa: hizo Tahoe na Yukon mnazoziona zimejaa kwenye barabara za Ghuba zinatoka pale pale.

Mwaka jana ami yangu aliniagiza nimkagulie Caprice ya mwaka 1973 huko Fort Worth. Yeye alirudi Oman kutoka Unguja mwanzoni mwa miaka ya sabini, na gari yake ya kwanza Masqat ilikuwa ya namna hiyo. Sasa umri wake unakaribia miaka 80 na nia yake ni kuwapeleka wajukuu Salalah wakati wa khareef. Safari hiyo ni kama kilomita 1,000, na sehemu kubwa ni jangwa tupu. Gari ikizima pale mchana wa Julai na watoto wamo ndani, si jambo la mchezo.

Muuzaji aliiwasha mbele yangu, ikaunguruma vizuri. Nikaomba tuiache ikizunguka kwa nusu saa. Kwenye dakika ya ishirini na kitu ikaanza kukohoa, kisha ikazima. Nikafungua boneti na kupima: plagi hazikuwa na cheche. Kipimo hiki msikiruke, kwa sababu gari ya zamani ikizima kwa joto huenda ni petroli iliyogeuka mvuke kwenye mpira wake. Cheche zikiwapo, tafuteni upande wa petroli. Zisipokuwapo, ugonjwa uko kwenye moto.

Moto wa gari hizi ni kazi ya Mmarekani Charles Kettering, ndiye yule aliyeleta stata ya umeme kwenye Cadillac ya mwaka 1912. Betri inatoa volti 12, na plagi inataka maelfu kwa maelfu. Baina yao ipo koili, yenye nyaya nene za mizunguko michache na nyaya nyembamba za mizunguko mingi mno. Umeme ukipita kwenye nyaya nene, koili inakuwa sumaku. Ukikatwa ghafla, ile sumaku inaporomoka na kusukuma volti 20,000 na zaidi kwenye nyaya nyembamba, na hizo ndizo zinazoruka kwenye plagi. Siri yote imo kwenye kule kukata ghafla. Kazi hiyo hufanywa na pointi, vyuma viwili vidogo ndani ya distribyuta vinavyofunguka na kufungana. Injini ya silinda nane ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, pointi zinakata umeme mara 200 kila sekunde. Ndiyo maana zinaungua. Wenzangu waliokulia Unguja watawakumbuka mafundi wa Peugeot wakizisugua kwa msasa kando ya njia na kupima nafasi yake kwa kipande cha pakiti ya sigara.

Sasa tufike kwenye waya unaowachanganya wengi. Kwenye Chevrolet za pointi, waya unaotoka kwenye swichi kwenda koili si waya wa kawaida. Umetengenezwa kwa makusudi uwe mgumu kupitisha umeme, ili koili ipate kama volti 8 au 9 injini inapozunguka. Chukueni mfano: koili ya ohm 1.5 ikipewa volti 14 moja kwa moja, itavuta zaidi ya ampea 9 na pointi zitaungua upesi. Ukiongeza waya wenye ohm 1.8, inavuta kama ampea 4 tu. Wakati wa kuwasha, stata inapoinywa betri, kuna waya wa pili wa manjano unaotoka kwenye stata na kuipa koili umeme wote wa betri bila kupitia ule mgumu. Ukiiachia swichi, waya wa manjano unakatika na ule mgumu unashika kazi. Kwa hivyo gari inayowaka ukiwa umeshikilia ufunguo na kuzima mara unapouachia, mtuhumiwa wa kwanza ni waya ule mgumu. Msikimbilie kununua koili.

Gari ya ami ilikuwa na ugonjwa mbaya zaidi. Fundi mmoja wa zamani alikwisha kubadili pointi na kuweka distribyuta ya elektroniki, aina ambayo General Motors waliianza mwaka 1974 na kuiweka kwenye magari yao yote ya Marekani mwaka uliofuata. Hilo ni jema. Lakini aliiunganisha na ule waya mgumu wa zamani. Distribyuta hii inataka volti 12 kamili. Ikipewa 8 inawaka, inatembea mjini, na mnunuzi anaondoka kwa furaha, kisha inamchezea kwenye mwendo mkubwa. Zaidi ya hayo maungio yalisokotwa kwa mkono na kufungwa gundi ya plastiki, na moja lilikuwa limekwisha kuyeyusha ngozi yake karibu na ukuta wa injini. Hapo ndipo moto wa kweli unapoanzia.

Ami alinunua kwa bei iliyopunguzwa, nami nikafanya kazi Houston. Kwanza nilichomoa waya hasi wa betri. Nikautoa waya mgumu na ule wa manjano, kwa sababu elektroniki haiuhitaji. Kisha nikavuta waya mpya wa shaba, milimita 4 za mraba, hadi mdomo wa distribyuta ulioandikwa BAT. Swichi ya gari yenye miaka 50 siiamini kubeba mzigo wote, basi waya wa waridi wa swichi niliupa kazi ya kuamsha rilei tu, na rilei ndiyo inayochukua umeme kutoka betri kupitia fyuzi. Kila ungio lilibanwa kwa koleo lake, na waya ulipopita kwenye bati niliweka mpira.

Nilipofungua distribyuta nilikuta kwa nini ilizima kwa joto. Moduli yake, kile kipande kidogo cha elektroniki kinachokata umeme mahali pa pointi, ilifungwa kavu. Chini yake lazima pakwe mafuta ya silikoni yanayopitisha joto kwenda kwenye chuma, la sivyo inajipika yenyewe. Na hapa Dallas ina haki ya kujisifu. Transista za mwanzo zilikuwa za jamani, nazo hazivumilii joto. Mwaka 1954 kampuni ya Texas Instruments ya Dallas ilitoa sokoni transista ya silikoni, na bila ya hiyo hakuna elektroniki ambayo ingeishi chini ya boneti, si Texas wala Nizwa.

Baada ya hapo nilipanga waya za plagi kwa zamu ya Chevrolet, 1-8-4-3-6-5-7-2, nikarekebisha wakati wa cheche kwa taa maalumu huku mpira wa vakyumu umezibwa, nikaipeleka Dallas na kuirudisha kwa barabara ya I-45. Ni kama kilomita 385 kila upande, joto la Agosti. Haikukohoa.

Kuna wanaosema pointi ziachwe kwa ajili ya asili ya gari. Kwa gari ya maonyesho nawakubalia. Kwa gari ya kubeba wajukuu, hapana. Distribyuta ya zamani ifungeni kwenye boksi, ibaki na gari.

Kwa wanaonunua, tahadhari zaidi na magari ya Houston. Kimbunga Harvey cha Agosti 2017 kilizamisha magari mengi mno hapa, na waliopitia Gonu mwaka 2007 au Shaheen mwaka 2021 wanajua maji yanavyoifanya gari. Waya uliolala majini huoza kwa ndani, na juu unaonekana mzima. Mwambieni mkaguzi akate kipande kidogo cha ngozi ya waya mahali pa chini, karibu na sakafu. Shaba ikiwa nyeusi au ina ukungu wa kijani, waya zote zimekwisha, na bei ipunguzwe kwa hesabu hiyo au muache.

Gari ya ami ilipopakiwa nilimwekea kwenye kisanduku cha dashibodi moduli moja ya akiba, kijitubu cha mafuta ya silikoni na bisibisi. Kuibadilisha ni kazi ya robo saa, hata kando ya barabara ya Haima.