Kijana, Anza Nyumbani Kwako



Ndugu wasomaji, mwezi uliopita nilialikwa chakula cha mchana katika nyumba moja hapa Ghubra. Baada ya sala ya adhuhuri, kijana wa nyumba ile, mwenye bidii kubwa katika dini, alimwambia bibi yake mbele yetu wageni kwamba sala yake ina kasoro. Bibi hakujibu. Alichukua tasbihi yake, akaingia chumbani, na chakula tukakila bila ya yeye. Pengine kijana alikuwa na hoja, sikutaka kuamua. Nilijiuliza tu: je, bibi yule atamsikiliza tena?

Swali hili linamhusu kila kijana anayetamani kuwavuta jamaa zake katika kheri. Nia yake ni njema, nasi wazee yatupasa kuishukuru. Lakini nia njema huhitaji adabu ya kuifikisha.

Tumtazame Mus'ab bin Umair. Alikuwa kijana wa Makka aliyelelewa katika neema, akaiacha neema ile kwa ajili ya imani yake. Mwaka 621 Mtume Muhammad (s.a.w.) alimtuma Yathrib, ambayo leo ni Madina, awafundishe watu Qur'ani. Siku moja, alipokuwa ameketi na watu bustanini, alimjia Usaid bin Hudhair, mmoja wa wakubwa wa mji, mkuki mkononi, akimtaka aondoke. Mus'ab hakupandisha sauti. Alimwomba akae asikilize: likimridhisha alikubali, lisipomridhisha wao wataliacha. Usaid aliona huo ni uadilifu, akauchomeka mkuki wake ardhini, akakaa. Siku hiyo hiyo alisilimu, na Saad bin Muadh akamfuata. Mwaka uliofuata, watu zaidi ya 70 wa mji ule walikwenda kumpa Mtume (s.a.w.) ahadi yao ya utii.

Kabla ya kutoa hoja yake, Mus'ab alimpa mwenziwe heshima ya kuchagua.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi. Sheikh Abdalla Saleh Farsy alizaliwa Unguja mwaka 1912. Alikuwa mwalimu wa skuli kabla ya kuwa Kadhi wa Zanzibar mwaka 1960, na baadaye Kadhi Mkuu wa Kenya. Alifariki hapa Maskati mwaka 1982. Tafsiri yake ya Qur'ani kwa Kiswahili, iliyochapwa Nairobi mwaka 1969, imo katika nyumba zetu nyingi. Kiarabu alikijua barabara, wala hakuwalaumu wasiokijua. Aliwapelekea maana katika lugha yao.

Hapa ndipo ilipo kazi ya vijana wetu. Wengi wanasoma kwa Kiarabu na Kiingereza, na Kiswahili chao kinapungua mwaka hata mwaka. Bibi husema, na mjukuu hujibu kwa lugha nyingine. Basi kijana na aiteremshe tafsiri ile kutoka kabatini, akae karibu na bibi yake baada ya alasiri, amsomee aya chache, amuulize maana ya maneno yaliyomtatiza. Atakuwa amefundisha na amefundishwa, na wadogo zake watasogea wenyewe kusikiliza. Akitoka nje, alipe deni kwa wakati, azuie ulimi wake na kusengenya, na amtolee salamu mfagiaji wa mtaa kama anavyomtolea tajiri. Majirani hutazama kabla ya kusikiliza.

Kijana niliyemtaja alinijia wiki iliyofuata, akaniuliza amtake radhi vipi bibi yake. Nilimwambia asiende na hoja. Achukue tafsiri mkononi, abishe hodi chumbani, na aombe ruhusa ya kukaa.

Wabillahi tawfiq.