Kushua na Kupandisha Chombo: Habari za Huangpu

Aghalabu mtu asiyekuwa baharia hudhani kwamba hatari ya chombo iko kilindini, ilhali mafundi na manahodha huchelea zaidi yale maji ya magotini, ambapo chombo kinaposhuliwa au kupandishwa hakijawa cha bahari wala cha nchi kavu, na uzito wote ambao maji yangeuchukua huangukia juu ya mabega ya watu. Kila pwani ina hila zake katika jambo hili, na za Huangpu zastahili kusimuliwa.

Huangpu iko mashariki ya mji wa Guangzhou, nchini Uchina, ukingoni mwa mto Zhujiang. Katika karne ya 18 merikebu za Waingereza, Waholanzi na Waswidi zilitia nanga hapo, kwa kuwa zilizama mno majini hata zisiweze kuupanda mto hadi mjini, na shehena za chai, hariri na kaure zikaletwa kwa mashua. Merikebu iliyokwisha kuvuka bahari kuu ilihitaji mahali pa kutazamwa mkuku. Basi zikachimbwa gudi za tope kando ya mto, merikebu ikaingizwa maji yalipojaa, mlango ukazibwa kwa udongo, na maji yaliyobaki ndani yakatolewa. Baadaye fundi wa Kiskoti, John Couper, alijenga hapo gudi ya mawe, na kampuni ya Hong Kong and Whampoa Dock ilipoundwa mwaka 1863, gudi za Huangpu zilikuwa miongoni mwa mali zake za kwanza.

Lakini la ajabu zaidi ni mashua za joka za vijiji vya huko, ndefu kupita mita 30, zinazoendeshwa kwa makafi na makumi ya watu katika sikukuu ya mwezi wa tano, siku ya tano, kwa kalenda ya mwandamo. Nyingi za zile za kale zimeundwa kwa mti mzito wa Borneo uitwao kundian, ambao ukikaushwa na jua na hewa hupasuka. Kwa hiyo sikukuu ikiisha, kichwa cha joka na mkia huondolewa na kuhifadhiwa nyumbani mwa mizimu ya ukoo, na chombo chenyewe huzamishwa katika tope la kijito, ambamo hewa haipenyi, kikalala humo karibu mwaka mzima. Yapata siku ya nane ya mwezi wa nne wanaume huteremka topeni hadi kifuani, fataki zikilia ukingoni, wakachota tope kwa mikono na ndoo, kisha wakashika mbavu za chombo na kukiyumbisha huku na huku. Maana tope hunyonya, na bila ya kuyumbishwa hivyo hakiinuki hata wakivuta kijiji kizima. Kikiisha kuelea huoshwa, hutiwa kalafati, na kurudishiwa kichwa chake.

Kwetu Unguja, ambako wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka kiasi cha mita 4 juu ya mchanga mgumu, hila ni nyingine: jahazi huletwa pwani maji yakiwa makuu, hutiwa magadi mbavuni, na maji yakipwa hubaki limesimama kavu, tayari kwa deheni. Huko Huangpu maji hayapandi kiasi hicho, na chini ni tope tupu, gadi ingedidimia.

Katika zama zetu, mwenye mashua ndogo ya tanga asiyekuwa na bamvua wala kijiji cha kumsaidia hununua trela la kuinama, na kwa maoni yangu ni chombo cha busara kuliko trela za kawaida, ambazo humlazimu mtu kuliingiza gari lake majini hadi mashua ielee. Trela la kuinama lina bawaba nyuma ya mahali linapofungwa na gari: pini ikichomolewa, fremu huinama upande wa tezi, na mashua huteleza juu ya magurudumu ya mpira, ikizuiwa kwa kamba ya winchi isije ikakimbia. Ila ni lazima uzito wa mashua uwe karibu na ekseli. Ukizidi omo haiinami, ukizidi tezi hubamiza. Kabla ya hapo tundu la kutolea maji liwe limezibwa, usukani uwe umepandishwa, na mwenyewe atazame juu pasiwe na nyaya za umeme, kwani mlingoti wa alumini ukizigusa huua.

Kupandisha ndiko kwenye taabu, hasa upepo ukivuma ubavuni. Mmoja hushika kamba ya tezi akiwa majini, mwingine huzungusha winchi polepole, na omo ikaja katikati kabisa ya magurudumu. Ikikaa upande hata kidogo, ni afadhali kuirudisha majini na kuanza upya kuliko kuilazimisha. Mkuku ukipita ekseli, fremu hulala yenyewe, na hapo pini hurudishwa kabla mtu hajaachia winchi. Na kabla ya kushua, baada ya safari ndefu barabarani, beringi za ekseli ziachwe zipoe kwanza: zikitumbukizwa moto katika maji baridi hewa iliyomo hujikunja, ikavuta maji ya chumvi ndani ya grisi, na kutu huanza siku hiyo hiyo.