Ua dogo la mlimani na maji ya mpunga wetu

Ndugu wanachama, ukipanda kutoka Baraka kuelekea milima, kule baridi inakoanza kuuma, tazama chini kando ya vijito. Violeti ya pori, ile wataalamu wanaita Viola abyssinica, ndiyo makao yake: milima mirefu kutoka Ethiopia mpaka Kivu. Inatambaa chini, majani sawa moyo, ua dogo la zambarau iliyofifia. Sokoni haina bei. Lakini inapenda kivuli, ukingo wa msitu na udongo usiokauka, na hapo ndipo maji yetu yanatokea. Ukilima mpaka kwenye chemchemi, jua linakausha, ua linapotea, na mvua inateremsha udongo kwa mto Mutambala hadi kwenye mpunga huku chini.

Sheria ya Misitu ya 2002, kifungu cha 48, inakataza kufyeka mita 50 kila upande wa mto, na mita 100 kuzunguka chemchemi. Mita 100 ni shamba zima la mtu, tusidanganyane. Mama aliyerudi kutoka ukimbizini atalima wapi? Koperative imtafutie kwanza kipande kingine, ndipo mipaka ipimwe kwa kamba, mbele ya mvua ya Septemba.