Chelezo na Usawazishaji: Istilahi Mbili Zisizopaswa Kuchanganywa

Katika kutafsiri maelekezo ya kompyuta, maneno chelezo na usawazishaji hutumiwa mara nyingi kana kwamba yana maana moja. Katika makala haya tunakusudia kueleza kazi yenyewe inavyofanyika, kwani istilahi haiwezi kuwa sahihi iwapo mtumiaji wake hakuielewa dhana.

Neno chelezo si geni. Asili yake ni kitenzi elea, na maana yake ya awali ni kitu kiwekwacho majini kielee, mfano wa boya. Msomaji wa Musoma aliyezoea kuona maboya ya nyavu Ziwani Viktoria hahitaji maelezo marefu: wavu umezama, lakini kipo kitu juu cha kuurudishia. Katika kompyuta, chelezo ni nakala iliyowekwa kando ili faili likipotea liweze kurejeshwa.

Je, programu hujuaje kwamba faili limebadilika? Tuchukue mfano wa karani wa mwalo atunzaye orodha ya uzito wa sangara na sato. Leo amesahihisha tarakimu: palipokuwa na kilo 15 ameandika 51.

Njia ya kwanza ni kutazama ukubwa wa faili pamoja na tarehe na saa ya badiliko la mwisho. Ndiyo desturi ya rsync, programu iliyotolewa mwaka 1996. Njia hii ni ya haraka, lakini ina kasoro. Katika faili la maandishi matupu, 15 na 51 huchukua nafasi ile ile. Basi saa ya kompyuta ikiwa imeharibika, badiliko laweza kupita bila kuonekana.

Njia ya pili ni kusoma yote yaliyomo na kuyakokotolea alama bainishi. Kanuni iitwayo SHA-256 hutoa alama ya biti 256, na tarakimu moja ikibadilika, alama hutoka tofauti kabisa. Uhakika ni mkubwa, ila kazi huchukua muda.

Njia ya tatu ni programu kuarifiwa na mfumo endeshi kila faili linapoandikwa. Hata hivyo, programu iliyozimwa huenda isipate taarifa. Hivyo ikiwashwa haina budi kukagua upya.

Badiliko likishagunduliwa, ndipo njia zinapoachana. Usawazishaji hufanya pande mbili zilingane: kilichofutwa huku hufutwa na kule, na kosa la huku huwa kosa la kule. Chelezo huongeza nakala mpya, na ya zamani hubaki kwa muda uliopangwa. Chelezo kamili huchukua mafaili yote; chelezo cha nyongeza huchukua yaliyobadilika tangu chelezo kilichotangulia; chelezo cha tofauti huchukua yaliyobadilika tangu chelezo kamili cha mwisho.

Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare mwaka 1963, kisha akaitoa upya mwaka 1969 baada ya kuirekebisha, kwa jina la Juliasi Kaizari. Maktaba itunzayo matoleo yote mawili inafanya kazi ya chelezo. Maktaba itupayo la zamani kila lipya lifikapo inafanya usawazishaji.

Tofauti hii si ya wanaisimu peke yao. Karani akisoma kwamba orodha yake "imehifadhiwa", ilhali imesawazishwa tu, anaweza kuifuta mezani pake ili kupata nafasi, akiamini kwamba nakala ipo. Kumbe ameifuta kotekote, na kumbukumbu za msimu mzima zimekwenda pamoja na neno moja lililokosewa.

Kwa hiyo tunapendekeza cheleza litumike pale tu nakala ya awali inapobaki, sawazisha pale pande mbili zinapolinganishwa, na rejesha kwa kuitoa nakala kwenye chelezo. Tunawaomba walimu, wafasiri na watumishi wa serikali wayapime maneno haya kazini mwao na kutuletea maoni.