Tochi ya Zamu Ifike Alfajiri

Ndugu askari na polisi, mjini Bujumbura giza huchukua takriban saa 12. Mlinzi aliyepokea zamu magharibi, akiwa na tochi ya LED ambayo betri yake hudumu saa 4 kwa mwanga wote, huachwa gizani saa nne usiku. Tufanyeje?

Kupunguza volti si dawa: LED nyeupe huhitaji volti 3 hivi, na ikipungukiwa hufifia ghafla au huzimika. Njia iliyo bora ni transista kuiwasha na kuizima upesi, tuseme mara 1,000 kwa sekunde. Ikiwaka robo ya muda, hutumia takriban robo ya umeme. Betri ile hukaribia saa 16. Jicho halitambui kuzimika huko, na robo ya mwanga huliona kama nusu.

Lakini mapigo yakiwa machache, kama 100 kwa sekunde, gurudumu linalozunguka laweza kuonekana limesimama. Basi kabla ya zamu tuipunge tochi gizani: tukiona vitone badala ya mstari mmoja wa nuru, haifai kukagulia magari. Mwanga wote tuuweke akiba ya dharura.