Je, Wajua? Kirusi Hakina Kiwanda Chake

Je, wajua kwamba hakuna kirusi kinachojulikana chenye ribosomu zake? Ribosomu ndivyo viwanda vinavyounda protini, na seli moja ya binadamu huwa navyo mamilioni. Kirusi huja na maelekezo tu. Hata Tupanvirus, virusi vikubwa ajabu vya Brazili vilivyotangazwa mwaka 2018, vimesheheni vifaa vya kuundia protini lakini ribosomu hazimo.

Je, wajua polio hutekaje viwanda hivyo? Hapa ndipo ninapostaajabu kuliko popote. RNA zinazobeba ujumbe wa seli zetu huwa na kifuniko mwanzoni, na ribosomu hufikishwa kwenye kifuniko hicho kwa msaada wa protini iitwayo eIF4G. Kirusi cha polio huikata eIF4G. Baada ya saa chache, ujumbe mwingi wa seli hausomwi tena. Je, RNA ya polio yenyewe husomwaje? Haina kifuniko wala haikihitaji: sehemu yake iliyojikunja huivuta ribosomu moja kwa moja. Mlango huo wa pembeni ulibainishwa mwaka 1988 na Jerry Pelletier na Nahum Sonenberg, Montreal. Kisha RNA hiyo ya polio, yenye herufi kama 7,500, huzaa protini moja ndefu, nayo hukatwakatwa kuwa protini ndogo zenye kazi zake.

Je, wajua kwamba kirusi cha ugonjwa wa miguu na midomo, kinachowatesa ng'ombe wa wafugaji wetu, huikata eIF4G hiyohiyo?

Je, wajua kwamba virusi vya influenza huiba vifuniko? Hukata mwanzo wa RNA ya seli, kifuniko na herufi 10 hadi 13 hivi, na kuutumia kuanzishia RNA zao. Dawa ya baloxavir, iliyoidhinishwa Japani mwaka 2018, huuzuia ukataji huo.

Kirusi cha UVIKO-19 nacho kina protini, Nsp1, inayoziba tundu ambalo RNA hupitia kuingia kwenye ribosomu.

Je, wajua kuhusu chikungunya, iliyotambuliwa mara ya kwanza kusini mwa Tanganyika katika mlipuko wa 1952–53? Protini yake ya nsP2 huingia kwenye kiini cha seli na kusababisha kuharibiwa kwa kimeng'enya kinachonakili jeni. Ujumbe mpya wa seli hauandikwi tena.

Je, wajua kwamba seli iliyovamiwa huweza kujizimia uzalishaji yenyewe? Protini yake ya PKR ikigundua RNA ya nyuzi mbili, dalili ya uvamizi, husimamisha uundaji wa protini ili kirusi nacho kikose. Ni ulinzi wa gharama kubwa, na virusi vimeutafutia dawa: kile cha homa ya Bonde la Ufa, kilichotambuliwa Kenya karibu na Naivasha mwanzoni mwa miaka ya 1930, huifanya PKR iharibiwe.

Je, wajua kwa nini tetrasaiklini na erithromaisini hazitibu mafua? Dawa hizo hushambulia ribosomu za bakteria, ilhali kirusi kinatumia za kwako. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukipatwa na mafua usiende duka la dawa kudai antibiotiki.