Wanavyonaswa Waumini: Barua Kutoka Chumbi

Mada ya wiki hii sikuichagua mimi. Imeletwa na msikilizaji wa Chumbi, wilayani Rufiji, aliyeandika kurasa mbili kwa mkono na kumkabidhi kondakta wa basi la Lindi azifikishe kituoni kwetu. Ni mkulima wa ufuta. Mpwa wake, kijana wa miaka 24, alikuja Dar es Salaam kutafuta kazi, akapanga chumba Mbagala, na baada ya miezi michache akajiunga na kikundi cha dini ambacho pale kijijini hakijulikani. Mwezi uliopita alirudi Chumbi kwa siku moja, akauza mikorosho 18 aliyoachiwa na marehemu baba yake, akaondoka na fedha yote. Simu ya mama yake hapokei tena.

"Wamemlisha nini?" anauliza mjomba. Anaamini ipo dawa, na anataka nimtajie dawa hiyo ili atafute ya kuiondoa.

Dini yenyewe sitaitaja, maana nikiitaja, wa dini nyingine watashusha pumzi na kusema, "Aha, kumbe ni wale." Mambo nitakayoyaeleza hayana dhehebu. Yamefanyika makanisani, misikitini, kwa waganga, na katika vyama vya siasa pia.

Jibu la swali la mjomba limo ndani ya barua yake mwenyewe, ingawa ameliandika kwa kupita tu. Anasema kijana alipougua homa kule Mbagala, hana kazi na hana ndugu, jirani aliyempelekea uji na kumlipia kodi ya chumba alikuwa mmoja wa watu hao. Basi, mzee wangu, hicho ndicho walichomlisha. Uji.

Sisemi kwamba uji ule ulikuwa wa hila. Yawezekana jirani alikuwa na huruma ya kweli, na dini zote zinatufundisha kumtazama mgonjwa. Lakini tunakosea tukidhani kwamba mtu hushawishika kwanza na mafundisho, kisha ndipo hupata marafiki. Mara nyingi huwa kinyume chake. Wanasosholojia wawili wa Marekani, John Lofland na Rodney Stark, walilifuatilia kundi dogo la wafuasi wa Sun Myung Moon wa Korea, na mwaka 1965 wakachapisha waliyoyaona. Waliojiunga walikuwa wamekwisha kujenga urafiki na wanakundi, na wengine walipenda watu kabla hawajakubali imani. Wakati huo huo, uhusiano wao na watu wa nje ulikuwa umelegea. Kijana aliye peke yake mjini, anayezungukwa ghafla na watu 20 wanaojua jina lake na kuuliza kama amekula, hana haja ya kuhubiriwa sana.

Baada ya hapo huja hatua ndogo. Hakuna anayemwambia mgeni siku ya kwanza, "Uza mikorosho ya baba yako." Huombwa kupanga viti. Kisha kuja Jumatano, kisha kukesha, kisha kuchangia shilingi elfu moja. Mwaka 1966 watafiti Jonathan Freedman na Scott Fraser waliandika juu ya jaribio walilofanya huko California. Waliwaomba wenye nyumba waruhusu bango kubwa na baya la kuwahimiza madereva liwekwe mbele ya nyumba zao. Walioombwa moja kwa moja, asilimia 17 tu walikubali. Lakini miongoni mwa wale ambao siku kadhaa kabla walikuwa wamekubali kubandika kikaratasi kidogo chenye ujumbe kama huo, asilimia 76 walikubali na bango. Kikaratasi kilikuwa kimekwisha kuwafanya wajione kuwa watu wa kuunga mkono jambo hilo.

Wazee wa Rufiji hawahitaji kwenda California kulielewa hili. Ngarambe iko katika wilaya hiyo hiyo ya mjomba wetu. Huko ndiko Kinjikitile Ngwale alikotoa maji yake kabla ya vita vya mwaka 1905. Kwa kumbukumbu za wazee waliohojiwa na wanahistoria katika miaka ya 1960, habari za maji zilienea kwa mnong'ono ulioitwa njwiywila, siri ya mtu na mtu, na aliyetaka kuusikia alitoa pesa moja, sarafu ndogo ya wakati ule. Pesa moja si mali. Lakini aliyekwisha kuitoa, akabeba siri ambayo jirani yake hanayo, si mtazamaji tena. Makundi kwa makundi yakaenda Ngarambe kuyapokea maji na ahadi kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji.

Natamka haya kwa heshima, maana Majimaji ni vita vya kudai haki, na viliunganisha makabila ambayo hayakuwahi kusimama pamoja. Kodi, viboko na kilimo cha pamba cha kulazimishwa vilikuwa mateso ya kweli. Haja ya watu ilikuwa ya kweli, dawa ndiyo haikuwa. Kinjikitile mwenyewe alinyongwa Muhoro, upande ule ule wa kusini ya mto iliko Chumbi, mwezi Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza, na bado watu wa mbali waliendelea kuyaamini maji.

Wingi wa watu nao hushawishi. Mwaka 1951 Solomon Asch alionyesha kwamba mtu anayeuona mstari kwa macho yake anaweza kutoa jibu la uongo kwa sababu tu wote chumbani wamelitoa; robo tatu ya aliowajaribu walifuata kundi angalau mara moja. Nasi tuliuona mwaka 2011 msururu wa magari kuelekea Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Mwasapile. Mzee yule alitoza shilingi 500 na hakuanzisha dini, lakini wengi waliokwenda walisukumwa na msururu wenyewe. Wakubwa wamekunywa, mimi ni nani?

Hadi hapo bado mtu anaweza kurudi nyumbani. Hatari inaanza anapotenganishwa na wale ambao wangemuuliza maswali. Mfano wa karibu na mchungu ni Shakahola, Kaunti ya Kilifi, Kenya. Paul Mackenzie alikuwa dereva wa teksi kabla ya kuanzisha kanisa lake Malindi mwaka 2003. Kwanza shule zikawa mbaya. Kisha hospitali zikawa mbaya. Mwaka 2019 kitambulisho kipya cha serikali kikawa alama ya mnyama. Mwaka huo huo akafunga kanisa, na wafuasi wakaenda naye kuishi msituni, katika vijiji vilivyopewa majina ya Biblia. Alipowaambia wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu, hapakuwa tena na mwalimu, daktari, shangazi wala jirani wa kusema, "Hebu ngoja kwanza." Ugunduzi ulifanyika Aprili 2023, na miili iliyofukuliwa ikapita 400, wakiwamo watoto wengi. Watoto ambao hawakushawishiwa na mtu, walibebwa tu.

Mjomba anauliza pia kwa nini kijana hashtuki, hali ameshabaki bila kitu. Lakini kubaki bila kitu ndiko kunakomzuia. Mwaka 1954 Leon Festinger na wenzake walijipenyeza katika kundi la Marekani lililongojea gharika tarehe 21 Desemba. Gharika haikuja. Kwa maelezo ya Festinger na wenzake, wale waliokuwa wameacha kazi na kugawa mali, na ambao walingoja pamoja, wengi hawakuacha imani, walizidi kuihubiri. Kukubali kwamba umedanganywa ni kukubali kwamba mikorosho 18 imekwenda bure, na hilo ni zito kulibeba.

Wapo wanaothubutu kudai chao. Huko Kanungu, kusini magharibi ya Uganda, wafuasi wa Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde waliuza mali zao wakingojea dunia iishe mwisho wa mwaka 1999. Mwaka 2000 ulipoingia na jua likachomoza kama kawaida, baadhi walianza kuuliza habari za mali zao. Tarehe 17 Machi 2000 kanisa liliteketea na waumini ndani yake, na baadaye yakafukuliwa makaburi ya wengine waliokufa kabla ya moto ule.

Nisimtie mjomba hofu kupita kiasi. Si kila kikundi ni Kanungu. Eileen Barker wa Uingereza aliwachunguza wafuasi wa Moon, akaandika mwaka 1984 kwamba wengi wa waliohudhuria semina zao hawakujiunga, na waliojiunga wengi waliondoka wenyewe katika miaka michache. Nguvu za washawishi hawa si za kichawi. Watu hutoka. Mara nyingi, anayetoka anahitaji mahali pa kwenda.

Na hapa, mzee wangu, nina neno la kukulaumu. Umeandika kwamba siku ile alipokuja ulibishana naye usiku kucha kwa maandiko, kisha ukamwambia asikanyage nyumbani kwako mpaka atubu. Wenzake walikwisha kumwambia kwamba ndugu zake watamkataa. Umewathibitishia unabii wao.

Ukisikia kuna watoto wanaozuiwa shule au hospitali, nenda polisi siku hiyo hiyo, usingoje. Vinginevyo mwandikie kijana ujumbe usio na dini ndani yake. Mweleze habari za mvua, za mguu wa mama yake, za nani ameoa. Asipojibu, andika tena wiki inayofuata. Habari za mikorosho ziache kwa sasa. Mwezi wa sita ufuta utakuwa unavunwa, na mikono huwa haitoshi. Mwombe aje akusaidie kuvuna, na nauli umtumie.